Mota yenye kigugumizi

(Haya ni maelezo niliyoyasoma redioni Jumapili iliyopita. Wapo walioyasikia nusu kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kipindi, wakaomba yachapwe gazetini. Mhariri amekubali.)

 

Leo nina barua mkononi. Imetoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Tanga, ambaye amenunua mtambo mdogo wa kufua umeme kwa upepo. Ameufunga juu ya mlingoti wa bomba nyuma ya nyumba yake ili achaji betri ya taa na redio. Anasema mchana, upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, mtambo unazunguka vizuri na betri inajaa. Lakini alfajiri na jioni, wakati majani ya mnazi wa jirani yanapepea mbele ya macho yake, mapanga ya mtambo wake yamesimama kimya kama yamegundishwa. Akipanda ngazi na kuyasukuma kidogo kwa mkono, yanaanza kuzunguka, na yakishaanza yanaendelea. Aliporudi dukani kulalamika, muuzaji alimjibu kwa mkato kwamba upepo wa kwake ni mdogo. Naye msikilizaji wetu anauliza: "Kama upepo ni mdogo, mbona nikisukuma mara moja unaweza kuendelea kuuzungusha?"

Kabla sijajibu, namsihi aache kabisa kupanda ngazi na kusukuma mapanga kwa mkono. Mapanga ya upepo hayana huruma, na vidole havioti tena. Baada ya kusema hayo, nakiri kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu alilopewa. Upepo wake una nguvu ya kutosha kuuendesha mtambo. Nguvu ya kuuanzisha ndiyo inayopungua. Mambo hayo mawili ni tofauti, na kinachoyatenganisha ni ugonjwa wa mota na jenereta zote za sumaku za kudumu zenye chuma chenye meno ndani yake. Mimi nauita kigugumizi cha sumaku.

Wengi wetu tumeushika ugonjwa huo kwa vidole bila kuujua jina. Kumbuka dainamo ya baiskeli, ile ya kubana kwenye tairi. Ukiifungua na kuizungusha kile kigurudumu chake kwa vidole, haizunguki laini kama gurudumu la cherehani. Inakwenda kwa kushtuka: inakwama, inaruka, inakwama tena, inaruka tena. Wala haikuunganishwa na taa. Kinachokwamisha si msuguano, wala si kutu, wala si ukosefu wa grisi. Ni mapenzi ya sumaku kwa chuma.

Hebu tufungue mota tuone. Sehemu inayozunguka huitwa rota, na juu yake zimebandikwa sumaku, ncha kaskazini na ncha kusini kwa zamu. Sehemu iliyosimama huitwa stata. Hiyo imetengenezwa kwa vibati vyembamba vya chuma vilivyopangwa pamoja, na katika chuma hicho imechongwa mifereji ya kupitishia nyaya za shaba. Kati ya mfereji na mfereji linabaki jino la chuma. Kwa hiyo sumaku inapozunguka inapita mbele ya jino, halafu mbele ya mfereji, halafu mbele ya jino jingine. Mbele ya jino chuma kiko karibu, sumaku inakishika. Mbele ya mfereji kuna shimo, sumaku haina pa kushika. Basi, kila mara sumaku hutafuta mahali pa kutulia inapopata chuma kwa wingi, na ikishapapata haitaki kuondoka.

Fikiria mwendesha baiskeli kwenye barabara yenye matuta. Kupanda tuta kunamtoa jasho, lakini akishuka upande wa pili tuta linamrudishia ile nguvu. Akiwa katika mwendo, matuta hayamzuii, yanamtikisa tu. Lakini mwambie asimame chini ya tuta, mguu mmoja kwenye kanyagio, kisha aanze kupanda. Hapo ndipo atakapoona kazi. Kigugumizi cha sumaku ni vivyo hivyo. Sumaku inayovutwa nyuma na jino inaloliacha huvutwa mbele na jino inalolifuata, na ukijumlisha mzunguko mzima jumla yake ni sifuri, ukiacha upotevu mdogo wa joto ndani ya chuma. Mtambo ukishakuwa katika mwendo, uzito wa mapanga unauvusha matuta. Mtambo uliosimama umelala bondeni kati ya matuta mawili, na upepo wa alfajiri hauna nguvu ya kuutoa bondeni. Hilo ndilo jibu la msikilizaji wetu: kwa mkono wake aliuvusha tuta la kwanza.

Sasa tuweke namba kidogo, maana bila namba tutabishana mpaka kesho. Nguvu ya upepo ya kuzungusha mapanga yaliyosimama hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Upepo wa mita 6 kwa sekunde unasukuma mara 4 ya upepo wa mita 3. Kwa mapanga matatu membamba yenye upana wa mita 2 kutoka ncha hadi ncha, hesabu yangu ya kukadiria inaonyesha kwamba upepo wa mita 3 kwa sekunde unaleta nguvu ya kuanzia sawa na robo kilo ya sukari iliyoning'inizwa kwenye mkono wa sentimeta 20 kutoka katikati ya shafti. Hiyo tu! Kama kigugumizi cha jenereta kinahitaji nusu kilo kwenye mkono huohuo, mapanga hayatasogea hata upepo uvume usiku kucha kwa kasi hiyo.

Ukitaka unaweza kupima mwenyewe, na hutahitaji maabara. Teremsha jenereta, litoe panga. Kwanza tenganisha nyaya zote zinazotoka, zisigusane wala zisiguse betri, kwa sababu nyaya zikigusana jenereta hujifunga breki yenyewe, na hapo utakuwa unapima kitu kingine. Funga kijiti kilichonyooka kwenye shafti, chenye urefu sawa pande zote mbili ili kisilemee upande. Kilaze sambamba na ardhi, halafu ning'iniza kimfuko sentimeta 20 kutoka katikati na uongeze mchanga kidogo kidogo mpaka shafti iruke. Pima mchanga kwenye mizani ya dukani. Rudia mara kadhaa ukianzia mahali mbalimbali pa mzunguko, kisha chukua kipimo kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho kigugumizi cha jenereta yako, pamoja na ugumu kidogo wa beringi.

Utauliza, mbona zamani hatukusikia sana habari hizi? Sababu moja ni sumaku zenyewe. Mwaka 1983 Masato Sagawa wa kampuni ya Sumitomo huko Japani, na John Croat wa General Motors huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza sumaku mpya ya madini ya neodimi, chuma na boroni. Ukilinganisha na sumaku nyeusi za feriti zilizomo katika spika za redio, sumaku hiyo inaweza kuhifadhi nishati kiasi cha mara 10 kwa ukubwa uleule. Ndiyo iliyowezesha mota ndogo kufanya kazi kubwa. Lakini kila chenye faida kina gharama yake. Usumaku katika uwazi kati ya rota na stata ukiongezeka mara 2, kigugumizi huongezeka kiasi cha mara 4. Fundi anayetoa sumaku za feriti na kubandika za neodimi palepale, akitarajia umeme zaidi, hupata umeme zaidi pamoja na shafti isiyozungushika.

Tiba zipo, na wahandisi wamezifanyia kazi miaka mingi. Tiba ya kwanza haigharimu hata senti moja. Ni hesabu ya darasani: kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika, ile KDS na KKS tuliyochapiwa fimbo kwayo.

Chukua stata yenye mifereji 12 na rota yenye ncha 4 za sumaku. KDS ya 12 na 4 ni 12, na KKS yake ni 4. Maana yake ni kwamba katika mzunguko mmoja kuna matuta 12, na ncha zote 4 hupanda kila tuta kwa wakati mmoja. Sasa acha mifereji iwe 12 ileile, lakini weka ncha 10. KDS inakuwa 60, na KKS inakuwa 2. Matuta yameongezeka kutoka 12 hadi 60, lakini yamekuwa vituta vidogo sana, kwa sababu ni ncha mbili tu zinazopanda pamoja. Wakati hizo zinapanda, nyingine zinashuka, nyingine ziko kileleni, na zinasaidiana.

Sisi tumelelewa kwa methali isemayo umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Wapakizi bandarini wanaovuta kamba huimba ili wavute wote kwa mkupuo mmoja. Katika mota tunataka kinyume chake: sumaku zisiimbe wimbo mmoja. Kila moja ivute kwa wakati wake, ili udhaifu wa utengano uwe faida yetu. Ile dainamo ya baiskeli inashtuka sana kwa sababu hiyohiyo. Idadi ya ncha za sumaku yake ni sawa na idadi ya vidole vya chuma vinavyoizunguka, kwa hiyo zote hukwama pamoja na kuachia pamoja.

Lakini usikimbilie KDS kubwa peke yake. Mifereji 9 na ncha 8 hutoa KDS ya 72, nzuri kuliko ile 60. Tatizo ni kwamba KKS yake ni 1, na katika mpango huo mota ikifanya kazi, mvuto wa upande mmoja haupati mwenzake wa upande wa pili wa kuusawazisha. Rota huvutwa kando huku ikizunguka, beringi zinateseka, na mlio unasikika. Kwa hiyo 12 na 10 ni maelewano mazuri, na si ajabu kuwa namba hizo hutumika sana.

Tiba ya pili ni kulaza mifereji mshazari. Badala ya mfereji kwenda wima kutoka upande mmoja wa stata hadi mwingine, kila kibati husogezwa kidogo kuliko cha chini yake. Hapo sumaku haiachi jino lote kwa ghafla. Inaliacha kidogo kidogo, na wakati huohuo upande wake wa pili unalipata jino jingine. Mafundi wetu wanaosuka mota za pampu na za feni wamekwisha kuona mishazari kama hiyo kwenye rota za mota za kawaida zisizo na sumaku, na sababu yake ni ya ukoo uleule. Mshazari ukiwa sawasawa na urefu wa tuta moja, kwa nadharia kigugumizi kinakwisha kabisa. Kwa vitendo hubaki masazo, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachobandika sumaku zote mahali pake bila kukosea hata kidogo. Bei yake ni umeme kupungua kidogo na usukaji wa nyaya kuwa mgumu.

Kama hutaki kulaza mifereji, laza sumaku. Hapa nina neno na vijana wanaogeuza alteneta za magari kuwa mitambo ya upepo. Alteneta ya kawaida ya gari ina mifereji 36 na ncha 12. Piga hesabu mwenyewe: KKS ni 12. Ukibandika sumaku 12 zilizosimama wima, zote 12 zitakwama pamoja mara 36 katika kila mzunguko, na hata tufani itapata shida kuuanzisha mtambo wako. Mfereji mmoja hapo ni nyuzi 10. Basi bandika kila sumaku ikiwa imelala mshazari, ncha yake ya juu ianzie usawa wa mfereji mmoja, ya chini iishie usawa wa mfereji unaofuata. Kama sumaku zako ni vipande vifupi, panga safu tatu juu ya rota, kila safu isogee theluthi ya mfereji kuliko safu iliyotangulia. Kazi ni ya gundi, kamba na subira.

Tiba nyingine nitazitaja kwa haraka. Mdomo wa mfereji unaweza kufanywa mwembamba, alimradi waya upite. Unaweza kuzibwa kwa kabari yenye unga wa chuma. Vichwa vya meno vinaweza kuchongwa vijifereji vya uongo: vijifereji viwili kwenye kila jino, vikipangwa kwa nafasi sawa, huifanya stata ya mifereji 12 ionekane mbele ya sumaku kama ina 36. Kingo za sumaku zinaweza kunolewa ziwe duara. Na uwazi kati ya rota na stata unaweza kupanuliwa, lakini hiyo ni tiba ya mvivu. Unapunguza ugonjwa kwa kumpunguza mgonjwa mwenyewe, kwa sababu na umeme nao unapungua.

Ipo tiba ya mwisho ambayo ni ya kishujaa: kuondoa chuma chenye meno kabisa. Kaskazini magharibi mwa Scotland kuna rasi iitwayo Scoraig, ambako nyaya za umeme wa taifa hazikufika. Huko anaishi Hugh Piggott, ambaye kwa miongo mingi amekuwa akitengeneza mitambo midogo ya upepo na kuwafundisha watu wa nchi mbalimbali kuitengeneza kwa mikono yao. Katika mtindo wake unaojulikana zaidi, koili za shaba humwagiwa rezini na kuwa kama sahani ngumu, na sahani hiyo husimama kati ya diski mbili za chuma zilizobandikwa sumaku za neodimi. Chuma cha diski huzunguka pamoja na sumaku zake, na ndani ya koili hakuna chuma, basi hakuna jino la kupendwa wala la kuachwa. Ukizungusha shafti kwa kidole kimoja, nyaya zikiwa mbalimbali, inateleza kama imepakwa mafuta. Gharama yake ni kwamba inahitaji sumaku nyingi zaidi kwa umeme uleule, na sumaku ndizo ghali.

Msikilizaji wa Kigali au Nairobi, ambako pikipiki za umeme zimekwisha kuingia katika kazi ya kubeba abiria, atauliza kama jambo hili linamhusu. Linamhusu, ila kwa kiasi kidogo. Mota ya pikipiki ikianza ina betri nyuma yake, na nguvu ya betri ni kubwa kuliko matuta. Zaidi ya hayo, kompyuta ndogo inayoongoza mota inaweza kufundishwa ramani ya matuta yote na kupeleka umeme kidogo wa kuyafuta, kama inavyofanywa kwenye mitambo inayodai mwendo wa ulaini mkubwa. Kwenye usukani wa gari unaosaidiwa na mota, kigugumizi kisipodhibitiwa dereva hukihisi viganjani mwake. Lakini mtambo wa upepo uliosimama hauna wa kuusaidia. Unaanza kwa upepo peke yake, na kwa hiyo tiba yake lazima iwe ndani ya chuma na sumaku, tangu siku ulipoundwa.

Sasa nirudi Tanga. Ushauri wangu kwa msikilizaji wetu ni huu: apime kwa kijiti na mchanga kama nilivyoeleza, aandike namba yake, aende nayo dukani. Akikuta ni nusu kilo au zaidi, hoja ya upepo mdogo imekwisha. Asipobadilishiwa jenereta, anaweza kutafuta mapanga yenye mashina mapana zaidi na yaliyopindwa zaidi karibu na katikati, maana sehemu hiyo ndiyo inayosaidia sana kuanza. Huo ni msaada, si uponyaji.

Na ninyi mnaokusudia kununua, nawaomba mfanye jambo moja kabla ya kutoa fedha. Msitazame rangi ya boksi, wala namba kubwa ya wati iliyoandikwa juu yake, kwa kuwa wati hizo ni za upepo mkali ambao pengine nyumbani kwenu huvuma kwa saa chache tu. Ombeni kuzungusha shafti kwa vidole, nyaya zikiwa zimetenganishwa. Ikishtuka na kugoma, ulizeni idadi ya mifereji na ya ncha, na kama kuna mshazari. Muuzaji asiyejua na amuulize aliyemuuzia, na huyo amuulize kiwanda. Swali likiulizwa madukani mara mia, litafika kiwandani.

Aidha, natoa wito kwa vyuo vyetu vya ufundi. Tunao vijana wanaosuka mota kwa ustadi, na tunao walimu wa hesabu wanaofundisha KDS kila mwaka. Makundi hayo mawili hayajakutanishwa. Mwanafunzi anayeonyeshwa kwamba 12 na 4 ni mtambo uliokwama, na 12 na 10 ni mtambo unaozunguka, hatauliza tena hesabu hizi zina kazi gani.

Hadi juma lijalo, nakutakia kila la heri. Kwa heri.